Picha Safi, Mwizi Hayumo

Katika biashara ya kamera za ulinzi kuna kauli iliyoota mizizi hadi hakuna anayeidai ushahidi: picha ikionekana vizuri kwa macho, mashine nayo itaona. Utaisikia madukani Kariakoo na Luthuli Avenue, utaisikia kwa fundi aliye juu ya ngazi na drili mkononi, na ukisoma nyaraka za zabuni za taasisi kubwa utaikuta humo humo, ila imevaa suti. Mteja huonyeshwa kioo. Ua lake limetulia, majani ni ya kijani, geti linang'aa, namba ya gari inasomeka. Huambiwa kwamba rekoda imepangwa ibane video ili diski itoshe mwezi mzima, na kwamba programu itapiga king'ora mtu yeyote akiruka ukuta. Anaridhika, analipa.

Mambo hayo mawili aliyoambiwa kwa pumzi moja hayapatani. Kadiri rekoda inavyobana, ndivyo programu inavyopoteza uwezo wa kumwona mtu. Tena haimpotezi mtu yeyote tu. Ubanaji wa video haumegi ubora wa picha kwa usawa. Huanza kutupa kilicho kidogo, hafifu, cha mbali, kisichotofautiana sana na kilicho nyuma yake, kinachosogea taratibu gizani. Sifa hizo zikikusanywa pamoja zinamchora mtu anayetambaa kuelekea godauni lako saa nane usiku. Anayeingia mchana kwa miguu miwili huku akipunga mkono ataonekana hata video ikibanwa namna gani, na huyo ndiye fundi anayemtumia siku ya kukabidhi kazi.

Sipingi kubana. Asiyetaka kubana hajapiga hesabu. Video ya pikseli 1920 kwa 1080, fremu 25 kwa sekunde, ikiwa imeshapunguzwa rangi kwa njia ya kawaida, bado ni megabiti 622 hivi kwa sekunde. Hakuna waya wa nyumbani wala diski ya dukani itakayobeba mzigo huo kwa kamera 16. Ukibana hadi megabiti 4 kwa sekunde, kwa kila biti 155 umebakiza moja, na picha bado ni nzuri. Kamera moja hapo inakula gigabaiti 43 kwa siku. Kamera 16 kwa siku 30 zinataka zaidi ya terabaiti 20.

Sasa linganisha na kinachonunuliwa. Mteja anataka kamera 16, anataka mwezi mzima wa kumbukumbu, na ana diski moja ya terabaiti 1. Gawanya: kila kamera inapata gigabaiti 2 na kidogo kwa siku, yaani kilobiti 193 hivi kwa sekunde. Kwa kila biti zaidi ya 3,200 imebaki moja. Fundi atajitetea kwamba rekoda hairekodi mfululizo, inarekodi panapokuwa na mwendo tu. Swali ni nani anayeamua kwamba pana mwendo. Ni mashine ile ile, na mara nyingi inaamulia kwenye picha ambayo imeshabanwa. Na kule shambani, ambako kamera inatumia laini ya simu na paneli ya sola, anayebana ni bando: hata kilobiti 512 kwa sekunde, ukizirusha mchana na usiku, zinafikia gigabaiti 166 kwa mwezi. Hapo mwenye shamba mwenyewe ndiye anayeomba ubora ushushwe.

Kwa hiyo tutabana. Ugomvi wangu ni na imani kwamba kinachopotea hakina thamani kwa sababu jicho halikukiona kikipotea.

Imani hiyo ina asili yake. Mwaka 1974 Nasir Ahmed, pamoja na Natarajan na Rao, walichapisha hesabu ya kugeuza kipande cha picha kuwa orodha ya mawimbi, kuanzia yale mapana ya mwanga na kivuli hadi yale membamba ya chembechembe. Juu ya hesabu hiyo ikajengwa JPEG ya 1992, na baadaye, pamoja na mbinu za kufuatilia mwendo, H.264 ya 2003 na H.265 ya 2013, ambazo ndizo zinazotembea ndani ya takriban kila kamera inayouzwa leo. Ukoo mzima umelelewa na swali moja: ni kitu gani tukikiondoa mtazamaji hatalalamika? Jicho la binadamu si hodari wa rangi, basi pikseli nne za jirani zinagawiwa rangi moja. Halijali sana vinyweleo vidogo, basi mawimbi membamba yanakadiriwa kwa ukali au yanafutwa. Linasamehe kinachojirudia, basi kisichobadilika kinanakiliwa. Kwa mtu anayetazama mpira au tamthilia huo ni uhandisi wa kupigiwa saluti. Mlinzi wa kielektroniki hatazami tamthilia.

Tuingie ndani ya fremu moja. H.264 huikata picha katika miraba ya pikseli 16 kwa 16. Fremu ya 1920 kwa 1080 inatoa miraba 8,160. Kwa kila mraba kodeki, yaani kibanaji hicho cha video, inauliza kama kuna jipya tangu fremu iliyopita. Tofauti ikiwa ndogo, haiandiki kitu; inanakili mraba wa zamani na kwenda zake, kama karani mvivu wa kikao anayeandika "mambo ni kama yalivyokuwa" bila kuinua kichwa. Tofauti ikiwa kubwa, inaandika, lakini kwa ukadiriaji unaotawaliwa na namba moja inayoanzia 0 hadi 51. Kila namba hiyo ikipanda kwa 6, hatua ya ukadiriaji inaongezeka maradufu. Ukitoka 28 kwenda 40, picha inakadiriwa kwa ukali mara nne, na jicho linaweza kuona tu kwamba nyasi zimelainika kidogo.

Sasa mweke mwizi ndani ya miraba hiyo. Kiwango cha kimataifa cha IEC 62676-4, katika toleo lake la 2014, kilitaja pikseli 25 kwa kila mita kuwa zinatosha kugundua kwamba kuna mtu. Kwa kipimo hicho mtu wa mita 1.7 ana urefu wa pikseli 42, na mabega yake, ya nusu mita, ni pikseli 12. Upana wake haujazi hata mraba mmoja. Akisimama wima anagusa miraba mitatu hadi minane kati ya 8,160, na akilala chini akatambaa kuelekea kamera, pungufu ya hapo. Hatima ya ulinzi wako wote inategemea kodeki itaamua nini juu ya miraba hiyo michache. Namba 25 inahesabu pikseli, haihesabu biti. Inakuambia mwizi amepewa nafasi ngapi kwenye picha; haisemi kama ndani ya nafasi hizo kilichoandikwa ni mtu au ni ukungu. Bado zabuni nyingi zinanukuu pikseli kwa mita kana kwamba kazi imekwisha, huku sehemu ya megabiti ikiachwa kwa hiari ya mfungaji.

Usiku mambo yanaharibika zaidi, na ni usiku tunaoulipia. Giza linapoingia kitambuzi cha kamera kinakuza ishara yake, na pamoja nayo kinakuza makelele: chembechembe zinazometameta, kila fremu na za kwake. Kwa kodeki hakuna kitu ghali kuliko kisichotabirika, na makelele hayatabiriki kwa asili yake. Bajeti ya biti imefungwa, makelele yanataka kuandikwa, basi ile namba ya ukadiriaji inapanda kwenye fremu nzima. Kamera inajaribu kusaidia kwa kuchuja makelele kabla ya kubana: inachanganya fremu kadhaa ili kilichotulia kibaki na kinachometameta kifutike. Mtu anayesogea polepole, mwenye nguo nyeusi, mbele ya ukuta usio na rangi, yuko kati ya vitu hivyo viwili. Kichujio kinamla nusu, kodeki inammalizia nusu iliyobaki.

Halafu kuna majirani zake ndani ya fremu. Biti ni za mfuko mmoja. Mwembe unaotikiswa na upepo, mvua ya masika, wadudu wanaozunguka taa za infraredi, utando wa buibui unaocheza mbele ya lenzi, vyote vinabadilika kila fremu na vyote vinadai mgao. Mwembe una majani elfu, mwizi ana miraba minne. Na gari likikata kona na taa zake zikaipiga kamera, picha yote inabadilika kwa mkupuo, biti zinaisha, na kwa sekunde moja au mbili ua lote linakuwa mabaka. Mhalifu hana haja ya kujua lolote kuhusu kodeki ili afaidike. Inatosha aje usiku wa mvua, jambo ambalo wahalifu wamelijua kabla ya kamera kubuniwa.

Hapo sijagusa bado mashine yenyewe inayotazama.

Programu za kizazi cha kwanza, ambazo bado zimo kwenye rekoda nyingi za bei nafuu, hazijui mtu ni nini. Zinajifunza sura ya kawaida ya eneo, pikseli kwa pikseli, halafu zinapiga kelele kinapotokea kisicho cha kawaida. Njia iliyozipa umaarufu ilielezwa na Stauffer na Grimson mwaka 1999: kila pikseli inawekewa takwimu za thamani zake za hivi karibuni, na thamani mpya isiyolingana nazo inahesabiwa kuwa kitu kilichoingia. Ni njia nzuri kwa picha inayotoka moja kwa moja kwenye kitambuzi. Lakini video iliyobanwa ina mapigo yake. Kila baada ya muda, sekunde mbili kwa mfano, kodeki inatuma fremu kamili isiyotegemea iliyopita; kati ya hizo inatuma marekebisho tu. Kwenye biti chache, marekebisho hayo yanaviringa na kufifia, halafu fremu kamili inakuja na nyasi zinaruka kurudi kwenye sura nyingine. Tazama kwa makini rekodi ya usiku iliyobanwa sana, utaona ardhi kana kwamba inapumua. Wewe unazoea baada ya dakika moja. Programu haizoei: kila pumzi ni mabadiliko, na mabadiliko ni mvamizi.

Kinachofuata kila fundi anakijua. King'ora kinalia usiku kucha bila mtu. Mlinzi analalamika, mwenye nyumba analalamika zaidi, na fundi anaitwa. Anaingia kwenye mipangilio, anashusha usikivu kutoka 80 hadi 40, kelele zinakoma, wote wanamshukuru. Katika mlolongo huo hakuna hata mmoja aliyetaja ubanaji. Ila ubanaji ndio uliozaa kengele za uongo, kengele za uongo zikazaa kushushwa kwa usikivu, na usikivu ulioshushwa ndio utakaompitisha anayetambaa. Akishaiba, lawama itakwenda kwa programu ya kichina, au kwa mlinzi aliyesinzia. Mipangilio ya rekoda haitaitwa kutoa ushahidi.

Wapinzani wangu watasema hiyo ni habari ya zamani. Leo tuna mitandao ya neva inayomtambua mtu kama mtu, si kama mabadiliko ya pikseli. Tena wana hoja yenye uzito, na ningependa niieleze vizuri kuliko wanavyoieleza wenyewe. Mwaka 2016 Samuel Dodge na Lina Karam wa Chuo Kikuu cha Arizona State walijaribu mitandao kadhaa maarufu ya wakati huo kwa kuipa picha zilizoharibiwa makusudi. Waligundua kwamba mitandao hiyo inavumilia ubanaji wa JPEG na JPEG 2000 kwa kiasi cha kushangaza, hadi ubora ushuke sana. Kwa nini basi nipige kelele?

Kwa sababu utafiti huo huo ulisema jambo la pili ambalo wauzaji hawalinukuu: mitandao ile iliyumba vibaya ilipopewa picha zenye ukungu na zenye makelele. Na ubanaji wa video usiku unaleta nini kama si ukungu juu ya makelele? H.264 na H.265 zina kichujio ndani yake kinacholainisha mipaka ya miraba ili mabaka yasionekane. Ukibana nazo kupita kiasi hazikuonyeshi miraba mibaya kama ilivyokuwa JPEG. Zinakupa picha laini. Shahidi aliyeletwa kuwatetea ametoa ushahidi wangu. Isitoshe, picha zilizotumika zilikuwa za hifadhi ya ImageNet, ambamo mara nyingi kitu kinachotafutwa kimejaa sehemu kubwa ya picha. Kutambua mbwa aliyeenea kwenye picha nzima ni kazi tofauti na kutambua binadamu wa pikseli 12 kwa 42 pembeni mwa ukuta.

Na hata hizo pikseli 42 hazifiki. Rekoda na kamera hutoa mikondo miwili ya video: mkuu wa kurekodi na mdogo wa kutazama kwa simu au kwa vioo vingi pamoja. Ili kuokoa nguvu za kompyuta, mifumo mingi inapeleka mkondo mdogo kwenye uchambuzi. Mkondo huo ukiwa wa 640 kwa 360, mwizi wetu wa pikseli 42 anabaki na 14, na mabega yake yanabaki na 4. Kuna atakayesema, na atakuwa na haki, kwamba hapo kupunguza ukubwa kumedhuru kuliko kubana. Sawa, lakini mkondo mdogo ndio pia hupewa biti chache kuliko wote. Mtu amepunguzwa hadi pikseli 14, kisha hizo 14 zikabanwa. Mteja anaangalia mkondo mkuu kwenye kioo kikubwa na kusifu usafi wake, wakati mashine inatazama kitu kingine kabisa ambacho hajawahi kuonyeshwa.

Kuhusu huo usafi, kuna kisa cha Ujerumani ambacho kila anayeuza vifaa vya picha angepaswa kukijua. Mwaka 2013 David Kriesel aligundua kwamba mashine za Xerox za kunakili na kuskani zilikuwa zinabadilisha tarakimu kwenye nyaraka. Ramani ya jengo yenye vyumba vitatu vya mita za mraba 14.13, 21.11 na 17.42 ilitoka ikiwa na vyumba vyote vitatu vya 14.13. Chanzo kilikuwa njia ya kubana iitwayo JBIG2, ambayo inapoona alama mbili zinafanana sana, inahifadhi moja na kuibandika mahali pa nyingine. Nakala haikuwa na doa wala ukungu. Tarakimu zilikuwa kali, safi, zinasomeka vizuri, na si za kweli. Kodeki za video hazibadilishi tarakimu namna hiyo, lakini kunakili mraba wa jana mahali pa leo ni kaka yake wa karibu: panapaswa kuwa na mgongo wa mtu, papo na nyasi safi.

Jibu linalopendwa ni kununua kamera ya megapikseli nyingi. Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, maana linamtoza mteja mara ya pili kwa tatizo lile lile. Kamera ya 4K ina pikseli milioni 8.3, mara nne ya ile ya 1920 kwa 1080. Ukiifunga bila kuongeza biti, kila pikseli inapata robo ya ilichokuwa inapata. Vilevile kwa kawaida kila pikseli kwenye kitambuzi cha ukubwa ule ule inakuwa ndogo zaidi, inakusanya mwanga mdogo zaidi, na usiku inazaa makelele mengi zaidi, ambayo kodeki italazimika kuyalipia. Mchana mteja anafurahia kuona msumari kwenye geti. Usiku amenunua ukungu wa hali ya juu.

Jibu la pili ni ubanaji unaoitwa mwerevu, ambao majina yake ya kibiashara hayana idadi. Kamera yenyewe inaamua sehemu gani ya picha ni muhimu, inaipa biti, na kwingine inabana bila huruma. Kwa baraza la mapokezi au duka ni kitu chema. Kwa uzio ni kuzunguka duara: ili mtu ahifadhiwe vizuri, lazima kwanza atambuliwe na uchambuzi mdogo ulio ndani ya kamera. Akitambuliwa, biti anazipata ingawa hakuzihitaji sana. Asipotambuliwa, anahesabiwa kuwa mandhari, anabanwa pamoja na nyasi, na mashine ya pili iliyo kubwa zaidi, hata iwe hodari namna gani, inapokea eneo ambalo ameshafutwa.

Wapo waliolifikiria jambo hili mapema. FBI ilipotaka kuhifadhi alama za vidole kidijitali haikuuliza picha ipi inapendeza. Iliuliza mchunguzi na kompyuta vinatazama nini, ikajibiwa ni mistari ya ngozi na mahali inapokatika au kugawanyika. JPEG, kwa miraba yake ya 8 kwa 8, ilikuwa inavuruga mistari hiyo, basi mwaka 1993 ikachukuliwa njia nyingine, WSQ, iliyobana kwa uwiano wa 15 kwa 1 hivi. Walianza na kazi, kisha wakaenda kwenye ubanaji. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza nayo, ilipotengeneza mkusanyiko wa video za i-LIDS wa kupima mifumo ya kugundua wavamizi, haikujaza watembea kwa miguu wa mchana tu. Kwenye eneo lililo kati ya nyua mbili watu wanatembea, wanakimbia, wanatambaa, wanabiringika, na wanyama na ndege wanapita ili kuitega programu. Lakini cheti cha mfumo uliofaulu mtihani kama huo kinahusu video za mtihani. Ukiununua ukaulisha kilobiti 193, cheti kimebaki ukutani.

Na mwaka 2019 MPEG, kundi lile lile ambalo kazi zake zimetupa viwango vya video tunavyotumia, lilianzisha kazi ya viwango vya kubana video kwa ajili ya mashine. Kama macho ya mtu na macho ya mashine yangekuwa yanataka kitu kimoja, kazi hiyo isingekuwa na sababu ya kuwepo. Wenye kodeki zao wameshakiri. Waliobaki kubisha ni wauzaji wa rekoda.

Nitawapa wapinzani wangu haki moja kamili. Uchambuzi ukifanyika ndani ya kamera, kwenye picha inayotoka kwenye kitambuzi kabla kodeki haijaigusa, basi ubanaji hauna la kufanya na kengele, na kwa kamera ya uzio huo ndio mpango ninaoupendekeza. Ila hata hapo kipande cha video anachotumiwa mlinzi ili athibitishe, na ambacho kesho kitapelekwa polisi, kimebanwa. Kamera itasema "mtu", mlinzi atafungua simu aone nyasi, atafuta ujumbe, atarudi kulala.

Wengine husema haya yote ni anasa ya wenye hela. Si kweli, mengi ni suala la kupanga vizuri hicho kidogo kilichopo. Shusha fremu kutoka 25 hadi 10 kwa sekunde kwenye uzio: mtu anayetembea mita moja na nusu kwa sekunde atasogea sentimita 15 tu kati ya fremu na fremu, mashine haitapoteza lolote, na biti zilizookolewa zitatumika kuzipa fremu zilizobaki picha ya maana. Chukua biti za kamera ya sebuleni uzipeleke ukutani. Kubali siku 12 za kumbukumbu badala ya 30 za ukungu. Kamera ikiruhusu, weka kikomo cha juu cha ile namba ya ukadiriaji, ili usiku wa makelele faili likue badala ya picha kufa. Punguza mwembe. Safisha utando wa buibui. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji kodeki mpya.

Kinachohitajika zaidi ni mteja kubadilisha anachokagua. Usikubali kukabidhiwa kazi mchana. Mwambie fundi arudi saa mbili usiku, mipangilio yote ikiwa ile ile itakayobaki akishaondoka, yaani biti zile zile, mkondo ule ule, usikivu ule ule. Mtafute kijana avae nguo nyeusi, apite kwenye kona ya mbali zaidi ya uzio akitembea, kisha akiinama, kisha akitambaa. Arudie gari likiwa linaingia getini na taa zikiwa zimewashwa. Uliza uchambuzi unafanyika wapi, na kama ni kwenye rekoda au seva, dai uonyeshwe mkondo unaochambuliwa, si ule wa kioo kikubwa. Andikeni kwenye mkataba kiwango cha chini cha biti kwa kila kamera, kwa namba, karibu na pale palipoandikwa megapikseli. King'ora kisipolia kwa anayetambaa, kazi haijaisha, na salio la malipo libaki mfukoni mwako.